I'm on Observation Duty kwenye Linux Mint: inafunguka na kujifunga, sauti inakwaruza, kioo kinafifia katikati ya zamu

zamu_ya_usiku

Salaam wakuu. Nauliza kwa wanaocheza gemu za mlinzi wa kamera za usiku kwenye Linux. Ninayo I'm on Observation Duty ya Notovia, ile unayokaa mbele ya kamera kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ukiona kitu kimehama, kimeongezeka au kimepotea unaripoti chumba na aina ya kasoro. Imetengenezwa kwa ajili ya Windows, nimeinunua Steam, na nataka kuicheza upande wa Linux.

Mashine ni laptopu yenye Core i5 ya kizazi cha nne, picha ni Intel HD 4400 ya ndani ya prosesa, RAM GB 8, kioo cha 1366 kwa 768. Mfumo ni Linux Mint 21.3 Cinnamon. Windows 10 bado ipo kwenye diski hiyohiyo, na gemu nimeiweka kwenye patisheni ya D ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows) ili pande zote mbili ziitumie.

Matatizo:

Nikibonyeza Play kwa Proton Experimental (Proton ni zana ya Steam ya kuendeshea gemu za Windows kwenye Linux), kitufe kinageuka Stop kwa sekunde chache kisha kinarudi Play. Hakuna ujumbe wowote. Nikiweka PROTON_USE_WINED3D=1, ile njia mbadala ya kuchora picha, kuna siku inafunguka na kuna siku inagoma, hasa nikitoka kutumia Windows.

Ikifunguka, sauti inakwaruza, vyumba vyenye giza vinaonekana vyeusi kabisa kiasi kwamba siwezi kujua kiti kipo au hakipo, na nikitulia bila kugusa mausi kioo kinafifia.

La mwisho: ripoti zangu nyingi zinarudi kwamba hakuna kasoro, na kabla ya asubuhi zamu inakatishwa. Kuna utaratibu wa kuzungusha macho kwenye kamera, au ni kubahatisha?

---

Fundi_Vulkan

Mkuu, hapo kuna mambo mawili tofauti yanayofanana dalili. Yatenganishe, la sivyo utabadilisha mipangilio mpaka kuche bila kujua kipi kimesaidia.

La kwanza ni kadi ya picha. Proton haichezi gemu ya Windows moja kwa moja. Ndani yake kuna Wine, inayoziwezesha programu za Windows kufanya kazi Linux, na kuna DXVK ambayo inageuza amri za picha za Windows, yaani Direct3D 9, 10 na 11, kuwa Vulkan, lugha ya picha ambayo kadi inaielewa upande wa Linux. DXVK kuanzia toleo la 2.0, la Novemba 2022, inadai Vulkan 1.3. Proton 8.0 na zote zilizofuata, Experimental ikiwemo, zimebeba DXVK ya aina hiyo. HD 4400 ni ya kizazi cha Haswell, na draiva yake ya Linux haifiki Vulkan 1.3. Kwa hiyo DXVK inatazama mashine, haioni kadi inayoikubali, gemu inafunga. Ndiyo maana hakuna ujumbe: dirisha halijawahi kuzaliwa.

Hakikisha mwenyewe:

sudo apt install vulkan-tools
vulkaninfo --summary

Tazama mstari wa apiVersion chini ya kadi yako ya Intel. Angalia usisome ule wa llvmpipe, huo ni mchoro unaofanywa na prosesa tupu, na kwenye orodha unakaa kama kifaa cha pili. Juu kabisa utaona pia onyo la Mesa (draiva huria za picha za Linux) kwamba Vulkan ya Haswell haijakamilika. Onyo hilo peke yake si kosa, linaeleza hali halisi.

Dawa ni Proton 7.0, ambayo inatumia DXVK ya mfululizo wa 1.10. Kwenye Steam bonyeza gemu kitufe cha kulia, Properties, Compatibility, weka alama kwenye "Force the use of a specific Steam Play compatibility tool", chagua Proton 7.0. Hakikisha pia draiva za biti 32 zipo, maana gemu nyingi ndogo bado ni za biti 32 na zitagoma hata kama zile za biti 64 ni nzima:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install mesa-vulkan-drivers mesa-vulkan-drivers:i386 libgl1-mesa-dri:i386

La pili ni hiyo NTFS, na hiyo ndiyo inayokupa "leo inafunguka, kesho inagoma". Kila gemu ya Proton ina folda yake ya Windows bandia, inaitwa compatdata, na inakaa kwenye maktaba ileile ilipo gemu. Ndani yake Wine inaunda viungo viwili vyenye majina c: na z:. Windows hairuhusu nukta mbili kwenye jina la faili. Matokeo yake ama Linux inakatazwa kuviunda, ama vinaundwa halafu Windows ikikagua diski inaviona ni uharibifu na kuvifuta. Ongeza na hili: Windows 10 ikizimwa kwa kawaida haizimiki kabisa, inalala nusu kwa sababu ya kile kipengele cha kuwaka haraka. Patisheni inabaki imefungwa, Linux inaifungua kwa kusoma tu, Proton inashindwa kuandika chochote. Ndiyo maana shida inakuja hasa ukitoka Windows.

Ushauri wangu ni mmoja: hamishia gemu kwenye patisheni ya Linux ya ext4. Steam, Settings, Storage, ongeza maktaba iliyo kwenye home yako, kisha Properties ya gemu, Installed Files, Move install folder. Kuna watu wanaacha gemu NTFS na kuelekeza compatdata kwenye ext4 kwa kiungo cha ln -s. Inafanya kazi, lakini bado utabaki na tatizo la patisheni iliyolala. Kama utang'ang'ania njia hiyo, upande wa Windows fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike powercfg /h off.

Ukishahama, futa compatdata ya zamani. Prefiksi, yaani hiyo folda ya Windows bandia, iliyoanzishwa na Experimental kisha ikashushwa hadi 7.0 huwa inaleta makosa yasiyoeleweka. Namba ya gemu utaipata Properties, Updates, palipoandikwa App ID. Folda ni:

~/.steam/steam/steamapps/compatdata/NAMBA

Kabla ya kufuta nakili kwanza kilichomo ndani ya pfx/drive_c/users/steamuser, hasa AppData na Documents. Maendeleo yako ya gemu hukaa huko kama hayahifadhiwi kwenye wingu la Steam.

Ikigoma tena usibahatishe. Weka hii kwenye Launch Options, ndani ya Properties ya gemu:

PROTON_LOG=1 %command%

Utapata faili steam-NAMBA.log kwenye home. Tafuta humo maneno "No adapters found". Yakiwepo, tatizo ni Vulkan. Yasipokuwepo, bandika hapa mistari ya mwisho yenye err: tuitazame.

---

BintiPangani

Fundi amemaliza upande wa kuwasha. Mimi nashika giza, sauti na kioo, maana kwenye gemu ya aina hii hayo si mapambo. Kazi yote ni kuona tofauti ndogo, na kioo kikikudanganya umeshapoteza zamu.

Anza na Redshift. Mint 21 inakuja nayo, na watu wengi wanaiwasha wanaisahau. Usiku inaongeza wekundu kwenye kioo chote taratibu. Kwenye gemu yenye kasoro za mwanga na picha za ukutani, rangi inayobadilika polepole itakufanya uripoti kasoro isiyokuwepo au uipite iliyopo. Ifunge kabisa kabla ya kucheza:

pkill redshift

Kuna sababu ya pili. Redshift inaandika juu ya mpangilio wa gama ya kioo, kwa hiyo hatua inayofuata haitadumu ikiwa bado inazunguka nyuma.

Gama ndiyo itakayofungua vyumba vyeusi. Usikimbilie kupandisha mwangaza wa laptopu peke yake, huo unapandisha vyeusi na vyeupe pamoja na taa za kwenye picha zinaanza kuchoma macho. Gama inavuta vivuli vya katikati. Jua kwanza jina la kioo:

xrandr | grep " connected"

Kulingana na draiva litakuwa eDP-1 au eDP1, kistari kina maana hapo. Kisha:

xrandr --output eDP-1 --gamma 1.2:1.2:1.2

Anza na 1.1, panda hadi 1.3 ikibidi. Ukizidisha, giza linageuka kijivu kilichofifia, na kitu cheusi kilichosimama kwenye kona nyeusi kinayeyuka kwenye ukuta. Kurudisha kawaida weka 1:1:1. Amri hii ni ya X11, mfumo wa kuonyesha madirisha ambao Cinnamon ya Mint 21.3 inautumia kwa kawaida. Anayesoma hapa akiwa kwenye Wayland, mfumo mpya zaidi wa kazi hiyo, haitamfaa, atumie kipimo cha mwangaza cha ndani ya gemu kama kipo.

Kioo kufifia: mfumo unahesabu muda ambao hujagusa mausi wala kibodi, haujui kwamba macho yako yako kazini. Cinnamon ina kijiprogramu cha kuweka kwenye paneli kinaitwa Inhibit Applet. Bonyeza paneli kitufe cha kulia, Applets, kiongeze, kisha ukiwashe kabla ya zamu. Kinazuia kuokoa umeme, na pia kinaweza kunyamazisha taarifa zinazoruka kwenye kona. Hiyo ya taarifa usiidharau, kijisanduku cha "sasisho zipo tayari" kikitokea juu ya orodha ya ripoti utabonyeza pasipo. Pia ingia Power Management, upande wa betri, uondoe kufifisha kioo mashine ikiwa haitumiki.

Sauti: Mint 21.3 bado inatumia PulseAudio kusimamia sauti. Mkwaruzo kwenye Proton mara nyingi unatoka kwenye bafa ndogo (akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa) ambayo prosesa iliyobanwa inashindwa kuijaza kwa wakati. Ipanue:

PULSE_LATENCY_MSEC=60 gamemoderun %command%

60 ni milisekunde. Kama bado inakwaruza nenda 90. Zaidi ya hapo sauti itaanza kuchelewa kuliko picha. Hiyo gamemoderun inatoka kwenye pakiti ya gamemode, isakinishe kwanza kwa apt, kazi yake ni kuinua prosesa kutoka hali ya kubana matumizi wakati gemu ipo wazi. Cheza chaja ikiwa imechomekwa, kwa prosesa ya aina hiyo tofauti inasikika.

Mpangilio wa maneno kwenye Launch Options: vigeu vyote vyenye alama ya = vinatangulia, kisha gamemoderun, kisha %command% mara moja tu mwishoni. Ukiandika %command% mara mbili au ukaunganisha kwa &&, Steam itafungua vitu visivyoeleweka na utadhani Proton ndiyo mbovu.

Jambo moja zaidi. Kioo chako ni 1366 kwa 768, kwa hiyo ndani ya gemu weka ukubwa huohuo kama upo kwenye orodha. Ukichagua 1920 kwa 1080, picha inasagwa ili ienee, na kitabu kilichohama kidogo rafuni hutakiona.

---

mkulima_wa_kodi

Nitajibu la utaratibu, kwa sababu kubahatisha ndiko kunakomaliza watu kwenye gemu hii.

Ripoti isiyo sahihi ina gharama ya muda. Ukituma, mfumo unasubiri kidogo kabla ya kukujibu, na muda huo huwezi kutuma nyingine. Wakati unasubiri jibu la uongo, kasoro mpya zinaendelea kujitokeza. Zikirundikana zisizoripotiwa ndipo unapata onyo, na ukichelewa hapo zamu inakatishwa. Kwa hiyo mtu anayeripoti kila anachokishuku anapoteza haraka kuliko anayesubiri mpaka awe na hakika. Hapo nadhani ndipo tatizo lako lilipo mkuu.

Dakika za mwanzo za zamu ni za kukariri, vyumba vikiwa bado safi. Usitazame chumba chote kwa pamoja. Kila kamera igawe: kushoto juu, kulia juu, kushoto chini, kulia chini, kisha katikati. Katika kila kona hesabu vitu na uvitaje kwa sauti. "Taa mbili, picha tatu, viti vinne, mlango umefungwa." Idadi inashika kichwani kuliko taswira. Kitu kilichopotea hakina umbo la kukuvuta jicho, kinakamatwa na hesabu tu. Hiyo ndiyo kasoro ngumu kuliko zote, na hofu ya mgeni kusimama sebuleni inawafanya watu waisahau.

Kisha zunguka kamera kwa mfuatano uleule kila mara, usiruke. Ukiruka, akili inashindwa kujua tofauti uliyoiona ni ya chumba au ni ya kutoka kwenye chumba kingine. Kamera ikizima au ikijaa chenga kuliko zile za kawaida, hiyo nayo ni kasoro ya kuripotiwa, usiseme laptopu imekwama. Ndiyo maana nakubaliana na Binti kwamba mashine iwe safi kwanza: ukiwa na mikwaruzo na giza la kwako mwenyewe, huwezi kutofautisha ubovu wa gemu na ubovu wa kompyuta.

Unaposhuku na huna hakika, ondoka chumba hicho, maliza mzunguko, rudi. Kitu kilichohama kitaendelea kuwa kimehama. Isipokuwa mgeni au kitu cha kutisha waziwazi, huyo ripoti palepale.

Kuchagua aina nako kunawakosesha watu. Kiti kilichosogea kutoka dirishani hadi mlangoni ni kuhama, si kuongezeka. Ukiona kiti mlangoni ukaripoti kitu cha ziada bila kutazama dirishani, umekosea aina na jibu litarudi hakuna kitu. Hesabu ya viti ingekuokoa: vikiwa vinne vilevile, kimehama, vikiwa vitano, kimeongezeka. Picha ya ukutani iliyobadilika sura ina aina yake, usiiweke kwenye vitu.

Sasa, kwa kuwa tuko Linux, kuna zoezi zuri la kufundisha jicho. Nasema zoezi, kwa sababu wakati wa zamu yenyewe halina nafasi, saa ya gemu haikusubiri. Bonyeza F12 kupiga picha ya kila chumba kikiwa safi. Kwenye Settings za Steam, In Game, washa kuhifadhi nakala isiyobanwa, kwa sababu JPEG inaongeza chembechembe zake zinazoonekana kama tofauti. Piga picha tatu au zaidi za chumba kimoja, zichanganye kwa ImageMagick (programu ya kuhariri picha kwa amri) kupata picha moja ya msingi:

convert a1.png a2.png a3.png -evaluate-sequence median msingi.png

Kamera za gemu hizi zina chenga za makusudi. Ukilinganisha picha moja na moja, kila pikseli itatoka tofauti na utapata ukurasa mwekundu mtupu. Kuchukua thamani ya kati ya picha kadhaa kunafuta chenga na kuacha chumba. Baada ya zamu chukua picha ya chumba ulichokishuku:

convert sasa.png -blur 0x2 s.png
convert msingi.png -blur 0x2 m.png
compare -fuzz 20% m.png s.png tofauti.png

Palipobadilika patapakwa rangi nyekundu. Fuzz ni kiasi cha tofauti ya rangi kinachosamehewa: ya 5% ni ndogo mno kwa kamera yenye chenga, 20% ni mahali pa kuanzia, na ukifika 35% hata kiti kilichohama kwenye giza kinaweza kupotea. Saa iliyo kwenye kona ya picha itakuwa nyekundu daima, ipuuze. Na picha zote ziwe za ukubwa mmoja, vinginevyo compare inagoma au inakupa ulinganisho usio na maana.

Ukifanya hivyo kwa vyumba vichache utaanza kugundua kona ambazo jicho lako huwa linaziruka. Kwa wengi ni dari na sehemu ya chini kabisa ya picha.

---

Kaskazi77

Naongeza mawili kwa faida ya wengine wanaosoma.

Bando. Kila ukibadilisha toleo la Proton, Steam inashusha Proton hiyo nzima pamoja na mazingira yake ya kuendeshea. Proton 7.0 inatumia Steam Linux Runtime iitwayo soldier, 8.0 ilihamia sniper. Hayo ni mamia ya megabaiti kwa kila jaribio, gemu yenyewe haijaguswa. Kwa hiyo soma vulkaninfo kwanza, amua toleo, ndipo ushushe. Usijaribu saba moja baada ya nyingine kwa bando la siku. Matoleo usiyoyatumia yanafutika kama gemu ya kawaida kwenye maktaba, weka kichujio cha Tools yaonekane. Ikishafunguka vizuri mara moja ukiwa mtandaoni, nenda menyu ya Steam, Go Offline, utacheza bila intaneti.

La pili ni faili za exe zinazosambazwa Telegram na kwenye flashi. Kuna dhana kwamba kirusi cha Windows hakiwezi kitu Linux. Wine si gereza. Kiendeshi cha Z: ndani yake ni diski yako yote kuanzia mzizi, na programu inayofunguliwa na Wine ina ruhusa zilezile ulizonazo wewe. Ikitaka kusimba picha na nyaraka zako za home, itazisimba. Aliye na gemu halali isiyo ya Steam atumie Bottles, programu ya kuendeshea Wine inayopatikana Flathub (duka la programu za Flatpak), ambayo kwa kawaida haioni home yako mpaka uipe ruhusa.

---

zamu_ya_usiku

Ahsanteni sana. Majibu: vulkaninfo inaonyesha 1.2 kwa Intel. Nimehamishia ext4, nimefuta compatdata, nimeweka Proton 7.0, na inafunguka kila mara. Gama 1.2 imefungua vyumba, sauti imetulia kwenye 60.

Kimebaki kimoja. Nikichomeka kioo cha nje kwa HDMI, mausi inatoka nje ya gemu nikifika pembeni, na nikibonyeza huko gemu inajikunja. Na je, gemu nyingine za aina hii zitakwenda kwenye mashine hii kwa njia hiyohiyo?

---

BintiPangani

Mausi inazuiwa ndani ya winecfg, yaani dirisha la mipangilio ya Wine, ya gemu hiyo. Sakinisha Protontricks, zana ya kulifungua:

flatpak install flathub com.github.Matoking.protontricks
flatpak run com.github.Matoking.protontricks NAMBA winecfg

Kichupo cha Graphics, weka alama "Automatically capture the mouse in full-screen windows". Ikishindikana, hapohapo washa "Emulate a virtual desktop" na uandike 1366 kwa 768. Gemu itakaa ndani ya dirisha moja ambalo halijikunji ukitoka. Kama maktaba yako ipo nje ya folda ya kawaida ya Steam, Protontricks ya Flatpak haitaiona mpaka uiruhusu:

flatpak override --user --filesystem=/njia/ya/maktaba com.github.Matoking.protontricks

Gama nayo ni ya kila kioo kivyake. Ukicheza kwenye cha nje, rudia amri kwa jina lake, kwa kawaida HDMI-1.

---

Fundi_Vulkan

Kuhusu gemu nyingine: tazama injini kabla ya kununua, usitazame jinsi picha zilivyo.

Five Nights at Freddy's ya kwanza, ya Scott Cawthon, 2014, imejengwa kwa Clickteam Fusion. Hiyo ni nyepesi, mashine yako inaibeba, na hata WineD3D inatosha. Tofauti yake na unayoicheza ni kwamba umeme wa ofisi unapungua kila unapofungua kamera au kufunga mlango, kwa hiyo kuzunguka kamera bila kukoma, mbinu iliyo sahihi kwako sasa, kule kunakuua.

Za Unity zinazotumia Direct3D 11 nyingi zitafunguka kwa Proton 7.0. Ikitokea dirisha jeusi lenye sauti, jaribu PROTON_USE_WINED3D=1 %command%. Hapo Direct3D inapitia OpenGL, ambayo kwenye Haswell imekamilika kuliko Vulkan. Utapoteza fremu kadhaa kwa sekunde, lakini gemu ya kutazama kamera iliyosimama haihitaji fremu 60. Vyumba vikitokea na mistari ya rangi za majaribio ya televisheni badala ya video, hilo si suala la kadi: Proton imeshindwa kufungua aina ya video iliyotumika. Washa Shader Pre-Caching kwenye Settings, Downloads, maana Steam hutumia njia hiyo kuleta video zilizokwisha kugeuzwa. Kaskazi ataniwia radhi kwa bando.

Za Unreal Engine ongeza -dx11 baada ya %command%. Exit 8 ya Kotake Create, 2023, ni mfano: unatembea kwenye njia ya chini ya kituo cha treni ukitafuta kasoro, na imejengwa kwa Unreal Engine 5. Kwa HD 4400 hata ikifunguka itakuwa nzito mno kuchezeka. Na gemu yoyote inayodai Direct3D 12 pekee haitafunguka kwenye kadi hiyo, kwa sababu VKD3D-Proton inayogeuza Direct3D 12 inahitaji Vulkan kamili zaidi ya uliyonayo. Hakuna amri wala toleo la Proton litakalobadilisha hilo. Usiinunue mpaka upate mashine yenye kadi inayosoma 1.3 kwenye vulkaninfo.